Shokapu za mbele zilizolegea: jinsi ya kuzirudishia nguvu kwenye pikipiki ndogo ya zamani

Boxer, TVS HLX, Honda CG 125 na pikipiki nyingi za Kichina zilizofuata umbo la hiyo CG zina shokapu za mbele za aina moja: miguu miwili, kila mguu una bomba la chuma linaloteleza ndani ya mguu wa alumini, springi ndefu, bomba dogo la ndani lenye matundu, na oili. Hakuna skrubu ya kurekebisha popote. Kila marekebisho yanafanyika kwa kufungua na kubadilisha kilichomo.

Zikilegea, dawa inayotolewa haraka katika vijiwe vingi ni kumwaga oili iliyomo na kutia nzito zaidi, mara nyingi oili ya injini. Siku mbili za kwanza dereva anaona nafuu, kisha mikono inaanza kuuma kwenye barabara ya matuta na bado pikipiki inainama ukifunga breki. Sababu ni moja. Uzito wa pikipiki na dereva unabebwa na springi. Oili haibebi uzito; kazi yake ni kupunguza kasi ya springi inaposhuka na inapopanda. Kwa hiyo springi zinashughulikiwa kwanza, oili baadaye, na miguu yote miwili inatendewa sawasawa.

Kwanza jua kinachoumwa

Jaza upepo tairi la mbele kwa kiwango chake (nyingi za pikipiki hizi hutaka karibu psi 25), kwa sababu tairi laini huiga shokapu laini. Inua gurudumu la mbele, shika miguu ya shokapu kwa chini na uvute mbele na nyuma. Kukiwa na mchezo, tafuta unakotoka: kama unausikia kwenye shingo, gololi za usukani zimelegea au zimekula njia zake, kama ni pale bomba linapoingia kwenye mguu wa alumini, mguu umelika. Angalia pia shokapu za nyuma. Nyuma ikizama mno, mbele hupanda na kuwa nyepesi, usukani unayumba, na dereva analaumu shokapu ambazo hazina kosa.

Kisha simama kando ya pikipiki, funga breki ya mbele, iminye mbele kwa nguvu na uiachie. Ikipanda mara moja na kutulia, oili bado inafanya kazi. Ikicheza juu na chini mara mbili au tatu, oili imepungua, imechoka au imeingiliwa na maji. Ikiwa imekaa chini hata bila mtu juu yake na inagonga mwisho kwenye mashimo, springi zimechoka. Ikishuka kwa kukwamakwama, bomba limepinda au miguu haikufungwa sambamba. Alama ya mafuta kwenye bomba, au vumbi lililoganda juu yake kama tope, ni sili (ringi ya mpira inayozuia oili isitoke) iliyokatika.

Pima kabla ya kufungua

Huu ndio ufundi wenyewe, na ndio unaorukwa zaidi. Utahitaji futi na mtu wa kukusaidia.

Pima umbali kutoka katikati ya ekseli hadi ukingo wa chini wa T ya chini, yaani kile kibanio kinachoshika mabomba chini ya usukani. Chukua vipimo vitatu: gurudumu likining'inia hewani, pikipiki ikisimama kwa matairi yake bila mtu, na dereva akiwa amekaa mkao wake wa kawaida, miguu kwenye vikanyagio, msaidizi akiishikilia isianguke. Kwa vipimo viwili vya mwisho, iminye mbele kidogo, iache ipande yenyewe, pima, kisha iinue kidogo, iache ishuke yenyewe, pima tena, chukua wastani. Msuguano wa sili unaweza kukudanganya kwa milimita kadhaa.

Toa kipimo cha pili na cha tatu kutoka kile cha kwanza. Jibu ni kiasi ambacho shokapu inazama, tukiite mzamo. Mzamo wa dereva uwe kati ya asilimia 30 na 35 ya mwendo wote wa shokapu, yaani umbali inaoweza kuteleza kutoka juu kabisa hadi chini kabisa. Kwa shokapu yenye mwendo wa mm 125, hiyo ni kati ya mm 37 na 44. Mzamo wa pikipiki yenyewe usiwe chini ya mm 10 hivi.

Bodaboda wengi watauliza: na abiria? Abiria na mzigo hukaa karibu wote juu ya gurudumu la nyuma. Pima mbele kwa dereva peke yake, na uzito wa abiria uziachie shokapu za nyuma. Ukikaza mbele kwa ajili ya watu watatu, pikipiki itarukaruka kila utakaporudi kijiweni bila mtu.

Vifaa

Spana za kawaida, spana ya aleni ya kutosha kuingia kwenye bolti iliyo chini ya mguu wa shokapu (mara nyingi mm 6 au 8), bisibisi bapa, koleo, sindano kubwa ya ml 50 au zaidi yenye mpira mwembamba mbele yake, chombo cha kupimia chenye alama za ml, mafuta ya taa ya kusafishia, msasa wa maji namba 1000, kreti la soda au gogo la kuwekea chini ya injini. Nunua sili mbili mpya, vifuniko vya vumbi viwili na wosha mbili za shaba za bolti za chini, hata kama sili moja tu ndiyo inayovuja. Nyingine ina umri uleule.

Kufungua

1. Simamisha pikipiki kwa stendi ya kati mahali tambarare, weka kreti chini ya injini mpaka gurudumu la mbele liache ardhi. Hakikisha haiyumbi kabla hujaendelea.

2. Legeza bolti ya chini ya kila mguu, ile iliyojificha ndani ya tundu upande wa ekseli, lakini usiitoe. Ifanye kazi hii sasa, wakati springi bado inalibana bomba dogo la ndani. Ukishatoa springi, bomba hilo litazunguka pamoja na bolti na utapoteza saa nzima. (Kama sili ni nzima na hakuna mchezo, acha bolti hii kabisa, springi na oili vinabadilishwa kwa juu.)

3. Legeza bolti inayobana bomba kwenye T ya juu, kisha legeza kizibo cha juu nusu mzunguko. Ukianza na kizibo wakati T bado imelibana bomba, hesi zake zinakabwa na zinaweza kukatika. Kwenye pikipiki nyingine bolti kubwa ya juu inapita kwenye T na kuingia moja kwa moja kwenye bomba, bila bolti ya kubana. Hizo ziache mpaka gurudumu litoke. Nyingine zina kizibo kilichoshikwa na ringi ya waya: utakibonyeza chini kama mm 5 na kuing'oa ringi kwa bisibisi ndogo.

4. Toa kebo ya breki na ya spidi, ekseli, gurudumu na madigadi. Kama breki ni ya diski, ifungue kalipa, ining'inize kwa waya isivute mpira wake, na weka kipande cha mbao kati ya pedi ili mtu asije akabonyeza breki na kuzitoa pistoni.

5. Legeza bolti ya T ya chini, vuta mguu kwa kuuzungusha. Ukigoma, ingiza bisibisi kwenye mpasuko wa T na uupanue kidogo. Usigonge bomba kwa nyundo. Tia alama mguu wa kulia na wa kushoto.

6. Shikilia mguu wima, funika kizibo kwa kitambaa kinene, kibonyeze chini kwa kiganja huku ukikifungua. Uso wako uwe pembeni. Springi iko chini ya mgandamizo na kizibo huruka.

7. Toa springi huku ukiangalia upande gani ulikuwa juu, mwaga oili, pindua mguu na usukume bomba ndani na nje mara kumi, kisha uache umepinduliwa kwa nusu saa. Oili ya kijivu iliyojaa unga unaong'aa ni alumini iliyolika. Oili yenye rangi ya maziwa ina maji. Kama ulilegeza bolti ya chini, itoe sasa, chomoa bomba kutoka kwenye mguu wa alumini na ung'oe sili ya zamani.

Kukagua

Vingirisha bomba la chuma juu ya kioo kinene. Mwanga ukipita chini yake katikati, limepinda; kikomo cha kawaida ni mm 0.2. Bomba lililopinda huinyoa sili mpya ndani ya wiki chache, na fundi anayelinyoosha kwa jeki hulirudisha karibu na sawa lakini hulidhoofisha. Kwa gurudumu la mbele, nunua jingine.

Kutu kwenye sehemu inayopita kwenye sili ndiyo adui mkubwa wa pikipiki za pwani na za barabara za vumbi. Madoa madogo yasuguliwe kwa msasa namba 1000 uliolowa oili, ukizungusha kuzunguka bomba, maana mikwaruzo ya urefu huwa mifereji ya kuvujishia. Shimo linalokwama kwenye ukucha halitibiki kwa msasa.

Pikipiki nyingi ndogo za zamani hazina bushi za kubadilisha: alumini yenyewe ndiyo inayobeba mteremko wa bomba. Ukikuta mchezo mkubwa hapo, mguu huo wa chini umekwisha, na hakuna oili itakayoficha jambo hilo.

Sasa springi. Zisimamishe mbili pamoja juu ya meza. Zikitofautiana urefu, au zikiwa fupi kuliko mpya kwa zaidi ya asilimia 2, zimechoka. Ugumu nao unapimika nyumbani: pitisha nondo laini au fimbo ndani ya springi isije ikachomoka, isimamishe juu ya mizani ya kupimia uzito, ibonyeze mm 50 kamili na usome kilo. Kilo 20 kwa mm 50 ni kilo 0.4 kwa milimita. Mbili zikitofautiana sana, nunua jozi. Usichanganye moja mpya na moja ya zamani.

Kuongeza nguvu: spesa au kukata springi

Spesa ni kipande cha bomba kinachowekwa juu ya springi ili kizibo kiibane zaidi. Haiongezi ugumu wa springi. Inachofanya ni kuinua mbele: spesa ikiongezeka mm 10, mzamo unapungua mm 10. Hesabu ni nyepesi kiasi hicho.

Tuseme umepima mzamo wa dereva mm 58 na wa pikipiki yenyewe mm 30. Unataka 40. Ongeza spesa ya mm 18: dereva atazama 40, pikipiki yenyewe 12. Kazi imekwisha. Lakini kama vipimo vyako vilikuwa 58 na 20, spesa ileile itakupa 40 na 2. Hapo pikipiki tupu inakaa karibu na mwisho wa juu, gurudumu haliwezi kushuka kufuata shimo, na utasikia mgongano kila mara shokapu inaponyooka. Tofauti kubwa namna hiyo kati ya vipimo viwili inakuambia springi ni laini mno kwa dereva huyu. Inahitajika ngumu zaidi.

Spesa itengenezwe kwa bomba la maji la plastiki nene la presha, la mm 20 kwa nje, au la 25 kama linapita kwa urahisi ndani ya bomba la shokapu. Bomba jembamba la nyaya za umeme litapasuka. Kata ncha ziwe za mraba, zilainishe kwa msasa, safisha unga wote, na weka wosha ya chuma kati ya spesa na springi, nyingine kati ya spesa na kizibo. Bila wosha, waya wa springi unachimba plastiki na baada ya muda spesa inakuwa fupi. Spesa mbili ziwe na urefu sawa kabisa. Anza na mm 10, usizidishe 25.

Kupata springi ngumu kuna njia mbili: kununua ya pikipiki nzito zaidi yenye kipenyo kinachoingia, au kuikata uliyonayo. Springi iliyopunguzwa mizunguko huwa ngumu kwa uwiano: ya mizunguko 55 ikibaki 49, ugumu unaongezeka kwa asilimia 12. Kata upande wenye mizunguko iliyosongamana, kwa grainda yenye diski nyembamba, ukiipumzisha na kuipoza. Usikate kwa gesi, maana moto unaua chuma cha springi na baada ya hapo italala. Ncha iliyokatwa isagwe iwe bapa, iondolewe makali, na ikalie wosha. Urefu uliokatwa unaurudisha kwa spesa, na huo hauhesabiwi kwenye kikomo cha mm 25.

Kabla ya kukata, hesabu kama springi haitafungana mzunguko kwa mzunguko kabla shokapu haijafika mwisho. Chukua springi ya mm 400, waya wa mm 4, mizunguko 55. Ukikata mizunguko 6 unapoteza karibu mm 44, inabaki 356. Mizunguko 49 ikigusana ina urefu wa mm 196, kwa hiyo springi inaweza kubonyea mm 160. Mwendo wa shokapu ni 125. Mgandamizo wa awali, yaani kiasi ambacho springi imebanwa tayari kizibo kikifungwa, ukiwa 25, jumla ni 150. Zimebaki mm 10, inatosha. Zikibaki chini ya 5, punguza spesa au usikate. Springi inayofungana huzuia shokapu kwa ghafla, na kinachopokea kishindo hicho ni T ya usukani.

Oili

Oili ya shokapu ya 10W ndiyo ya kuanzia. 15W kwa pikipiki iliyokazwa springi au inayobeba mizigo kila siku. Usipoipata dukani, oili ya hadroliki ni mbadala wa kweli, na namba yake ni unata uliopimwa kwa nyuzi 40: ISO 32 iko karibu na 10W, ISO 46 karibu na 15W, ISO 68 karibu na 20W. ATF ya gia za magari otomatiki nayo huangukia karibu na 10W. Oili ya injini ya 20W-50, kwa kipimo hichohicho, ni nzito mara nne au tano kuliko ISO 32. Matundu ya bomba la ndani hayakutobolewa kwa ajili yake. Gurudumu likiingia shimo kwa kasi, oili nzito haiwahi kupita, shokapu inakuwa kama fimbo ngumu. Na kwenye matuta mfululizo inashindwa kupanda kwa wakati, inazidi kushuka kidogo kidogo mpaka inagonga chini. Oili ya breki usiitie kabisa.

Safisha ndani kwa mafuta ya taa, kausha vizuri. Kama ulitoa sili na bolti ya chini, zirudishe kwanza kama ilivyoelezwa kwenye sehemu ya Kufunga, ndipo utie oili. Mimina kiasi kilichoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki yako. Sukuma bomba polepole juu na chini mpaka usikie ukinzani sawa mwendo mzima, subiri dakika kumi mapovu yaishe. Kisha, springi ikiwa nje na bomba limeshuka hadi mwisho, pima kutoka ukingo wa juu wa bomba hadi uso wa oili. Kama huna kitabu, anza na mm 160. Kukadiria kwa oili iliyomwagika ni makosa, kwani huenda ilikuwa imeshavuja nusu.

Njia safi ya kulinganisha miguu: tia oili ya ziada kidogo, weka alama ya mm 160 kwenye mpira wa sindano, uteremshe mpaka alama ifike ukingoni, na unyonye mpaka hewa ianze kuingia. Fanya hivyo miguu yote miwili na utapata usawa ambao kikombe hakiwezi kukupa.

Hewa iliyobaki juu ya oili ni springi ya pili. Ikipungua, shokapu inakuwa ngumu zaidi mwishoni mwa safari yake bila kuharibu ulaini wa mwanzo. Kwa hiyo kama mzamo uko sawa lakini bado inagonga chini kwenye mashimo makubwa, ongeza oili kidogo: kwenye bomba lenye kipenyo cha ndani cha mm 26, ml 5 huinua uso kwa karibu mm 10. Panda mm 10 kwa mara moja, usizidi 30 kwa jumla. Hewa ikibanwa mno, presha inatafuta njia kwenye sili.

Kufunga

Paka midomo ya sili oili ya shokapu, funika ncha ya bomba kwa mfuko wa plastiki ili ukingo usikate sili, ipitishe, kisha iteremshe kwenye nafasi yake kwa kipande cha bomba chenye kipenyo chake, ukigonga kwa kuzunguka. Bolti ya chini ipate wosha mpya ya shaba na gundi ya hesi, ikazwe kwa karibu Nm 20 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza).

Rudisha springi, wosha na spesa, kisha ingiza miguu kwenye T kwa urefu uleule. Tofauti ya mm 3 juu inatosha kuikwamisha ekseli. Kaza kizibo cha juu wakati T ya chini imeshashika bomba, kisha ndiyo ubane T ya juu; mkazo wa mwisho wa T zote mbili utafuata baada ya ekseli.

Kwa breki ya ngoma, hakikisha mfereji wa sahani ya breki umekalia lile jino lililotokeza kwenye mguu wa shokapu. Ukiikosa nafasi hiyo, ukifunga breki sahani nzima inazunguka na gurudumu, kebo inakatika au gurudumu linajifunga ghafla. Kagua hili kwa macho, kisha likague tena kwa mkono.

Ingiza ekseli, nati ibaki imelegea kidogo. Teremsha pikipiki, iminye mbele mara sita au saba miguu ijipange yenyewe, ndipo ukaze ekseli (karibu Nm 60, ila kitabu chako kikisema tofauti kifuate), halafu T ya chini, halafu T ya juu. Ukikaza ekseli ikiwa hewani, miguu inaweza kubaki imebanana na kazi yote ya springi ikapotelea kwenye msuguano. Rudisha breki na ujaribu kuibonyeza kabla hujasukuma pikipiki hata hatua moja.

Kujaribu na kusahihisha

Pima mzamo upya, uandike. Kisha chukua barabara moja unayoijua, yenye tuta, mashimo na mahali pa kufunga breki, na badilisha kitu kimoja tu kwa kila safari. Ikiwa inapiga mikono kwenye mashimo madogo, oili ni nzito au imejaa mno. Inarudi juu kwa kishindo: oili ni nyepesi, au spesa ni ndefu mno. Inainama sana kwenye breki na mzamo wake ni sawa: springi ngumu zaidi, au uso wa oili mm 10 juu. Usukani umekuwa mzito kugeuka baada ya mbele kupanda: legeza T na upandishe mabomba mm 5 kupitia humo, miguu yote miwili, ukiangalia madigadi na tairi visiguse T wala taa shokapu ikishuka hadi mwisho.

Baada ya kilomita 200 hivi kagua bolti za T na ekseli, na ufute mabomba uone kama kuna unyevu wa oili. Buti za mpira zinalinda mabomba dhidi ya vumbi, mradi ziwe na kitundu kwa chini. Maji yaliyonaswa ndani yake hutengeneza kutu mahali pasipoonekana. Oili ibadilishwe kila kilomita 10,000. Kwa bodaboda anayetembea kilomita 100 kwa siku, siku 26 za mwezi, hiyo ni kabla ya mwezi wa nne kwisha, na mapema zaidi kama amevuka maji yaliyofunika ekseli.